Git inagoma kusaini komiti usiku, asubuhi inakubali yenyewe!! Msaada wakuu

kijana_wa_kibirizi

Wakuu za jioni, naombeni msaada kabla sijaitupa hii laptopu ziwani, na kwa hapa Kibirizi nilipokaa ziwa lenyewe ni kurusha jiwe tu.

Iko hivi. Natengeneza kimfumo cha kuandika mizigo ya dagaa, nani kaleta magunia mangapi, nani kakopa, nani kalipa nusu akapotea, mambo ya hivyo. Mi niko Kigoma, bosi na wenzangu wawili wako Dar. Wiki iliyopita bosi kaamka akasema komiti (yaani kila badiliko ninalohifadhi kwenye Git) ambayo haijasainiwa haiingii tena kwenye main, lile tawi kuu la kazi yetu, kafunga kabisa huko GitHub tunakoweka kazi. Sawa, mwenye mali kasema. Jumatatu usiku dada yangu aliponirudishia laptopu (tunatumia wote, mchana yeye anaenda nayo steshenari Mwanga anachapia watu kazi kwa Windows, usiku mimi naingia Linux) nikatengeneza ufunguo wa GPG, ile programu ya kusaini, nikaweka kwenye setingi za Git, nikapiga komiti tatu zikakubali safi. Nikafurahi, nikawasha hotispoti ya simu ili nipandishe ufunguo GitHub na kupushi kazi, ikaenda. Narudi kupiga komiti ya nne naona hivi:

error: gpg failed to sign the data
fatal: failed to write commit object

Nikahangaika nayo mpaka saa nne na nusu, bando likaisha, nikalala na hasira. Asubuhi kabla dada hajaichukua nikafungua tu kujaribu, komiti ileile, sijabadilisha hata nukta, IMEKUBALI.

Leo mchana bosi kanipigia anasema komiti zangu zimeingia lakini zinaonyesha Unverified (saini haijathibitishwa), kumbe ufunguo nilitengeneza kwa imeili yangu binafsi na kwenye Git nimeweka imeili ya kazi. Basi leo laptopu iliporudi tu, saa mbili na dakika nne, nikafuta ule ufunguo nikatengeneza mwingine wenye imeili ya kazi. Komiti mbili zimekubali. Nimewasha hotispoti, imegoma tena, erori ileile.

Sasa mi nimeshaanza kuamini hotispoti ndo inaharibu saini, ila kichwani haiingii, maana kusaini kunafanyika humuhumu kwenye mashine, intaneti inahusika vipi? Au nimerogwa?

fundi_gungu

Hiyo ni ya kila siku mkuu, usihangaike. GPG haijui ikuulize neno la siri kwenye terminali ipi. Weka hii kwenye ~/.bashrc yako halafu funga terminali ufungue nyingine:

export GPG_TTY=$(tty)

Imeisha hiyo. Utanishukuru kesho.

kijana_wa_kibirizi

Nimeweka mkuu, nimefunga nimefungua, nimeua hadi ajenti (kile kiprogramu cha GPG kinachokumbuka neno la siri) kwa gpgconf --kill gpg-agent, neno la siri inaniuliza vizuri tu, naandika, inalipokea, halafu inagoma. Erori ileile.

reli_ya_kati

Dogo utazeeka na hiyo GPG. git config --global commit.gpgsign false, maisha yaendelee. Kwanza nani atahangaika kughushi komiti ya mtu wa Kigoma anayeandika mambo ya dagaa?

kijana_wa_kibirizi

Ningezima mkuu ila main haipokei, nimeshasema. Bosi ndo kafunga.

asali_ya_isevya

Habari zenu, mi nawasoma kutoka Tabora huku umeme umerudi sasa hivi.

Reli_ya_kati, hilo la nani atahangaika, jaribu siku moja mwenyewe. Ingia ripo (folda ya kazi ya Git) yoyote ya kwako uandike git -c user.name="Bosi" -c user.email="imeili ya bosi" commit halafu angalia git log inasemaje. Itaandika Bosi. Git haiulizi kitambulisho, unachoandika ndo inachoandika. Sasa kwenye ripo ambayo ndani yake kuna nani anadaiwa magunia mangapi, mi ningekuwa bosi ningefunga mapema zaidi.

Kijana, turudi kwako. Hizo erori mbili ulizoweka hazina maana yoyote, usizifikirie. Ni Git inakwambia tu kwamba nilimtuma GPG akarudi mikono mitupu. Kwa nini karudi mikono mitupu anajua GPG mwenyewe, na matoleo ya Git ya zamani yalikuwa yanayameza maneno ya GPG hayakuonyeshi, ndo maana watu wanabahatisha GPG_TTY mpaka wanachoka. Fundi hajakosea, kile ni chanzo kimojawapo na kinawapata wengi, ila kingekuwa hicho ungeona maneno "Inappropriate ioctl for device" na usingefika hata kuulizwa neno la siri. Wewe unaulizwa, kwa hiyo sio hicho.

Mwite GPG mwenyewe bila Git, kisha lete hapa anachosema, chote, usichague:

echo habari | gpg --clearsign

kijana_wa_kibirizi

Ahsante mkuu. Nimeendesha sasa hivi saa mbili na dakika hamsini na moja, mstari wa kwanza unasema (namba ya ufunguo nimeikata):

gpg: key 9C41... was created 7966 seconds in the future (time warp or clock problem)

chini yake inasema imeshindwa kusaini. Time warp ndo nini tena jamani, hii ni filamu?

asali_ya_isevya

Haaa! Hapo sasa tumempata. Na mi sio mkuu, mi ni dada.

Inakwambia ufunguo wako umetengenezwa wakati ambao bado haujafika. GPG akitaka kusaini anaangalia tarehe na saa ya kuzaliwa kwa ufunguo, anaangalia na saa ya mashine, akikuta ufunguo umezaliwa mbele ya sasa anakataa, maana saini haiwezi kutangulia ufunguo wake.

Sasa tuipige hesabu hiyo namba, mi napenda namba zinazojieleza. Sekunde 7966 ni kama masaa mawili na dakika 12. Yenyewe haina maana. Lakini masaa matatu kamili ni sekunde 10800. Toa 7966 inabaki 2834, ambayo ni dakika 47. Ulisema ufunguo umeutengeneza saa mbili na dakika nne. Amri umeendesha saa mbili na hamsini na moja. Katikati hapo ni dakika ngapi?

kijana_wa_kibirizi

47 🙆🏾‍♂️

Samahani dada, sikujua. Ila 47 kweli kabisa, saa ya kutengeneza naikumbuka kwa sababu taarifa ya habari ndo ilikuwa imeanza sebuleni.

asali_ya_isevya

Basi wakati unatengeneza ufunguo saa ya laptopu yako ilikuwa mbele masaa matatu, ilidhani ni saa tano usiku. Ulipowasha hotispoti Linux ikaenda kuuliza saa sahihi mtandaoni, ikajirekebisha, ikarudi saa mbili, na ufunguo ukabaki kule saa tano unakusubiri. Ndo maana hotispoti ilionekana mchawi. Na ndo maana asubuhi ilikubali, saa tano ya Jumatatu ilikuwa imeshapita wewe ukiwa umelala. Hata leo ungekaa tu ukala ugali wako na migebuka, ukirudi baada ya saa tano na dakika nne ingekubali yenyewe.

Usiniamini kwa mdomo, hakikisha. Endesha

gpg --list-secret-keys --with-colons

tafuta mstari unaoanza na sec, uhesabu vipande vinavyotenganishwa na nukta mbili, cha sita ni sekunde tangu mwaka 1970. Ichukue hiyo namba uandike date -d @namba.

Halafu nina maswali mawili. La kwanza, timedatectl inasema nini kwenye mstari wa RTC in local TZ? La pili, dada yako akifungua Windows asubuhi saa inakuwaje?

kijana_wa_kibirizi

Nimepiga date, imetoa leo saa 23:04. Sasa hivi ni 20:58. Yaani ufunguo wangu bado haujazaliwa na nimeshausainia komiti mbili.

RTC in local TZ: no

Na dada sijui umejuaje. Dada yangu ananigombeza KILA SIKU kwamba mimi na hiyo Linux yangu tunamharibia saa, akifungua Windows iko nyuma masaa matatu anairekebisha kwa mkono kabla wateja hawajaja. Mi nilikuwa namwambia ni betri ya ndani imekufa, laptopu yenyewe ya mtumba. Na bosi nae Jumatatu aliniuliza komiti ya saa tano usiku ni ya nini wakati tulikuwa tunaongea nae saa mbili, nikadhani ananitania kwamba sisi wa huku jua linachelewa kuzama.

fundi_gungu

Mi nimekaa pembeni najifunza 😂 ila hapo sijaelewa masaa matatu yanatoka wapi. Ingekuwa sita ningesema kachanganya saa ya Kiswahili na ya Kizungu.

asali_ya_isevya

Hahaha hapana fundi, ya sita ni ya kwetu watu, mashine haiijui.

Matatu ni kwa sababu Tanzania tuko masaa matatu mbele ya UTC, ile saa ya kimataifa. Ndani ya laptopu kuna kisaa kidogo kinachotembea hata ukizima, ndo hiyo RTC. Linux inachukulia kwamba kisaa hicho kimeandika UTC, kwa hiyo ikiwaka inakisoma inaongeza tatu. Windows inachukulia kwamba kisaa kimeandika saa ya hapahapa, inakisoma kilivyo. Kila mmoja akiwa peke yake nyumbani hakuna shida. Wakikaa wawili kwenye laptopu moja ndo vurugu: dada anarekebisha saa kwenye Windows, kisaa kinaandikwa saa mbili, wewe unawasha Linux inakuta mbili inaongeza tatu inasema saa tano. Ukipata intaneti Linux inapata saa sahihi, inakiandika upya kisaa kwa UTC, saa kumi na moja jioni, kesho dada anafungua anakuta iko nyuma matatu, anarekebisha kwa mkono, na mzunguko unaanza upya. Mmekuwa mnavutana kamba na dada yako bila kujua, wala hakuna mwenye kosa.

Kwa kawaida ukiweka Linux baada ya Windows mara nyingi kiwekeo cha Linux kinaiona Windows na kujipanga. Nabashiri ya kwako Linux ilitangulia Windows ikaja baadae.

kijana_wa_kibirizi

Ndio, Linux ilikuwa peke yake, halafu dada akapata kazi ya steshenari nikampelekea fundi mjini aiweke Windows pembeni.

fundi_gungu

Sasa si kuna --ignore-time-conflict kwenye GPG? Aweke hiyo tu asonge mbele, bosi anasubiri.

asali_ya_isevya

Ipo, na mi nakataa. Ukiweka hiyo saini itatoka ina saa ya kabla ufunguo haujazaliwa, halafu anayekuja kuihakiki kwake ndo atapigiwa kelele, umehamisha tatizo toka kwako umempelekea bosi. Na saa bado mbovu.

Rekebisha saa. Njia ziko mbili, chagua MOJA, ukifanya zote mbili umerudi palepale kwa upande mwingine.

Ya kwanza ni kuiambia Windows ifuate UTC. Unaingia kwenye rejista ya Windows, HKEY_LOCAL_MACHINE\SYSTEM\CurrentControlSet\Control\TimeZoneInformation, unatengeneza DWORD inaitwa RealTimeIsUniversal unaipa 1, unazima unawasha. Wataalamu wengi watakwambia hii ndo njia safi.

Ya pili ni kuiambia Linux ikubali ya Windows:

sudo timedatectl set-local-rtc 1

Ukiendesha halafu ukatazama timedatectl itakupa onyo refu la kutisha kwamba haishauriwi, kubadilisha majira ya saa na nini. Onyo lile ni la wenzetu Ulaya na Marekani ambao saa zao zinasogezwa mbele na nyuma kila mwaka. Sisi saa yetu haisogei, Januari mpaka Desemba ni matatu tu. Kwa hiyo kwa mtu wa Kigoma mi sioni ubaya, na hugusi Windows ya dada, ambayo ndo inaleta hela ya mboga hapo nyumbani.

Halafu hakikisha saa inajirekebisha ukipata mtandao, sudo timedatectl set-ntp true.

kijana_wa_kibirizi

Nachukua ya pili. Rejista ya dada siigusi hata kwa dawa.

Ila dada naomba unisaidie na hili, ufunguo wa kwanza nimeshaufuta, je ilikuwa lazima? Maana nikibadilisha kazi kesho na imeili inabadilika, nitakuwa natengeneza funguo kama vitumbua.

asali_ya_isevya

Haikuwa lazima. Ufunguo mmoja unabeba imeili zaidi ya moja. gpg --edit-key na namba yako, ukiingia ndani andika adduid, jaza jina na imeili mpya, kisha save. Baada ya hapo toa upya ule wa hadharani kwa gpg --armor --export, na GitHub ufute uliopo uweke huo mpya, maana wao hawaji kuchungulia kwako kama umeongeza kitu. Na imeili yenyewe iwe umeithibitisha kwenye akaunti yako ya GitHub, bila hivyo Unverified itabaki palepale hata saini iwe nzima kiasi gani.

mwana_kasulu

Samahani kwa kuingilia uzi wa mtu, mi yangu inafanana ila sio saa. Nikisaini kwenye terminali inakubali, nikienda VS Code kubonyeza kile kitufe cha komiti inakubali kwa muda halafu inaanza kugoma, nikirudi terminali nikasaini mara moja VS Code nayo inakubali tena. Nimetumia timedatectl, saa iko sawa. Hii nayo ni uchawi gani?

fundi_gungu

Hiyo sasa niachieni mimi 😅

Ajenti wa GPG akishakuuliza neno la siri analikumbuka kwa sekunde 600 tangu ulipolitumia mara ya mwisho, dakika kumi, na hata ukiwa unalitumia mfululizo mwisho wake ni 7200, masaa mawili. Ndani ya muda huo VS Code inasaini bila kuuliza. Muda ukipita ajenti anataka kuuliza tena, na kama mashine yako ina pinentry-curses peke yake (pinentry ndo inayouliza neno la siri) inataka terminali ya kuchorea kile kiboksi, VS Code ukibonyeza kitufe hakuna terminali hapo, inashindwa. Dawa ni kuweka pinentry yenye dirisha lake, kama pinentry-gnome3 au pinentry-qt kutegemea na unachotumia, halafu ndani ya ~/.gnupg/gpg-agent.conf uandike pinentry-program na njia yake. Ukitaka isikusumbue kila dakika kumi ongeza na default-cache-ttl 3600 humohumo. Ukimaliza gpgconf --kill gpg-agent ndo asome upya.

mwana_kasulu

Kweli nina curses tu. Dirisha limetokea!! Ubarikiwe fundi.

reli_ya_kati

Nyie watu mnapenda mateso. Tangu Git 2.34 ya mwaka 2021 unaweza kusaini na ufunguo wa SSH, uleule unaopushia. git config --global gpg.format ssh, halafu user.signingkey unaielekeza ~/.ssh/id_ed25519.pub, basi. Hakuna ajenti wa kuua kila saa, hakuna pinentry, na ufunguo wa SSH hauna hata tarehe ya kuzaliwa ndani yake kwa hiyo hiyo time warp yenu usingeiona maisha. GPG ni ya tangu 1997 iacheni ipumzike.

asali_ya_isevya

Leo umesema cha maana, na la tarehe ya kuzaliwa ni kweli kabisa. Hata mi kwa mtu anayeanza leo ningemwambia SSH. Naongeza tu mambo mawili. GitHub unatakiwa uuweke tena ufunguo huohuo kama Signing Key, ulioweka kwa ajili ya kupushi hauhesabiki kwenye saini, watu wengi wanakwama hapo wanadhani imeharibika. Na ukitaka git log --show-signature ikuhakikishie kwenye mashine yako lazima uwe na faili la watu unaowaamini, unaielekeza kwa gpg.ssh.allowedSignersFile. GPG nayo ina la kwake zuri, ufunguo unaweza kuupa mwisho wa matumizi, ukaubatilisha ukiibiwa laptopu, mambo ya hivyo.

Ila kijana angeanza na SSH juzi, dada yake angeendelea kurekebisha saa kwa mkono mpaka leo.

kijana_wa_kibirizi

Mwakeye wote! Naleta mrejesho.

Jana nimeweka set-local-rtc 1, onyo likaja kweli refu kama shuka, nikalipuuza kama nilivyoambiwa. Halafu makusudi sikugusa kitu kingine, nikakaa nasubiri saa tano na dakika nne nione. Saa tano na dakika tatu nimepiga komiti imegoma, seconds in the future imebaki kama arobaini hivi. Nimehesabu mpaka hamsini polepole, nimepiga tena. IMEINGIA. Nimepiga kelele mpaka mama kauliza kuna nini huko.

Leo asubuhi nimesimama nyuma ya dada anafungua Windows. Saa imekuwa nyuma kwa mara ya mwisho... hapana subirini, haikuwa nyuma. Ilikuwa sawasawa. Kaangalia saa ya ukutani, kaangalia laptopu, kaniangalia mimi, kasema "umeifanya nini?" Sijamwambia bado.

Swali la mwisho dada wa Isevya, zile komiti za Jumatatu zilizosainiwa na ufunguo nilioufuta zinabaki Unverified, na bosi anataka zote ziwe kijani. Ziko kwenye tawi langu tu, hakuna mwingine anayelitumia.

asali_ya_isevya

Kama ni tawi lako peke yako zisaini upya. Tafuta komiti ya mwisho kabla ya hizo mbovu, tuseme ni nne nyuma:

git rebase --exec 'git commit --amend --no-edit -S' HEAD~4

Itapita moja moja inasaini. Ukitaka na ile saa ya uongo itoke ongeza --reset-author baada ya --no-edit, itaweka saa ya sasa. Namba za komiti zitabadilika zote, kwa hiyo kupushi utahitaji git push --force-with-lease, na usije ukafanya hivyo kwenye tawi ambalo wenzako wameshalichukua. Kisha zikague kwa git log --show-signature kabla hujampigia bosi.

kijana_wa_kibirizi

Zote kijani. Bosi kajibu kwa dole gumba tu, huyo mtu hana maneno mengi.

Dada nimemweleza ile habari ya kisaa na Linux na Windows mwanzo mpaka mwisho. Kasikiliza yote, halafu kasema, kwa hiyo miezi yote hii ulikuwa unanidanganya ni betri.